Dawa ya kuchua kwa kiuno kilichoshika: ni tiba kweli au ni danganya toto?

#1 Fundi wa Kimara (mleta mada)

Wakuu, salamu. Jumanne iliyopita nilikuwa nateremsha mfuko wa saruji wa kilo 50 kutoka kwenye toroli, na kabla sijaufikisha chini kiuno kikashika ghafla, nikabaki nimeinama palepale kama mtu anayetafuta sarafu iliyodondoka, mpaka vijana wangu wakaja kunishika makwapani. Nikapelekwa idara ya dharura ya hospitali moja ambayo sitaitaja. Nilikaa kwenye benchi karibu saa tatu. Daktari alipofika alinilaza chali akaniinua mguu mmoja baada ya mwingine, akanigonga magoti kwa kinyundo, akaniuliza kama napata haja ndogo bila shida na kama nina ganzi sehemu za siri, kisha akaniandikia kitu kimoja tu: tyubu ya gramu 20 ya jeli ya diklofenaki. Sindano hakuna, picha hakuna, kidonge hakuna.

Nimerudi nyumbani na hasira. Usiku usingizi uligoma, nikaanza kusoma, nikakuta kwamba mwaka 2024 watafiti wa Marekani walithibitisha kuwa jeli hii haifanyi kazi kabisa kwa maumivu ya kiuno. Swali langu kwa wenye ujuzi: dawa ya kuchua inayotolewa dharura ni tiba, au ni danganya toto ya kumwondoa mgonjwa kwenye benchi?

#2 Muuguzi wa Zamu

Pole sana, fundi. Naomba nimtetee huyo daktari kidogo. Maswali yale ya haja ndogo na ganzi, na lile zoezi la kuinua miguu, ndiyo kazi kubwa kuliko zote anayoifanya mtu wa dharura mbele ya mgonjwa wa kiuno, kwa sababu anatafuta ile hali ya mishipa ya fahamu ya chini ya uti wa mgongo kubanwa, ambayo ikichelewa kufanyiwa upasuaji inaweza kumwacha mtu na ulemavu wa kudumu wa miguu na kibofu. Akikuta hakuna dalili hizo, hakuna homa, hujaanguka na hujapungua uzito, basi una maumivu ya kawaida ya kiuno, na picha ya eksirei haitamwonyesha msuli uliovutika. Kwa hiyo usihesabu kwamba umetoka na tyubu tu. Umepimwa.

Kuhusu jeli yenyewe nawaachia wengine.

#3 Mpenda Takwimu

Mleta mada, nadhani utafiti ulioukuta ninaufahamu, ila umeusoma kwa haraka ya mtu mwenye maumivu. Ulifanyika Bronx, jijini New York, katika idara za dharura, na mmoja wa watafiti wake ni Benjamin Friedman, daktari ambaye kwa miaka mingi amekuwa akizijaribu dawa za kiuno moja baada ya nyingine. Walichukua wagonjwa 198 wa umri wa miaka 18 hadi 69, wenye maumivu mapya ya kiuno yasiyotokana na ajali wala kushuka mguuni, wakawagawa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilipewa ibuprofeni ya miligramu 400 pamoja na jeli tupu isiyo na dawa. La pili lilipewa jeli ya diklofenaki ya asilimia 1 pamoja na kidonge kitupu. La tatu lilipewa dawa zote mbili. Hakuna mgonjwa aliyejua amepata ipi.

Baada ya siku mbili waliwauliza maswali 24 ya Roland na Morris, yale ya mwaka 1983, yanayouliza mambo ya maisha ya kila siku: je, unavaa soksi kwa shida, unabadilisha mkao kila mara, unashinda nyumbani kwa sababu ya mgongo? Kila jibu la ndiyo ni alama moja ya ulemavu. Waliokunywa ibuprofeni walipungukiwa na alama 10.1, waliopaka jeli 6.4, na waliopata vyote viwili 8.7.

Sasa liangalie vizuri: hata kundi la jeli lilipata nafuu. Kilichoonekana ni kwamba jeli huenda ni dhaifu kuliko kidonge, na kwamba kuiongeza juu ya kidonge hakukuleta faida. Neno "haifanyi kazi kabisa" ni lako, na halimo humo. Tena hapakuwa na kundi lililopewa jeli tupu na kidonge kitupu kwa pamoja, kwa hiyo utafiti huu hauwezi kutuambia kama zile alama 6.4 ni kazi ya dawa au ni mgongo uliokuwa unapona wenyewe.

#4 Mfamasia wa Kona

Nimshukuru #3 kwa kuweka takwimu sawa. Mimi naona jawabu liko wazi: dawa haifiki. Ukipaka diklofenaki kwenye ngozi, kiasi kinachoingia kwenye damu ni takriban asilimia 6 ya kile ambacho kingeingia kama ungemeza. Kwenye goti au kifundo cha mguu hilo halina tatizo, kwa sababu kiungo kipo karibu na ngozi na dawa inakusanyika palepale inapohitajika. Kiunoni mambo ni tofauti. Juu kuna ngozi nene, chini yake mafuta, kisha utando mgumu, kisha tabaka za misuli, na ndani kabisa ndipo zilipo pingili na viungo vyake vidogo.

Fundi, kama huna shida nyingine, nunua ibuprofeni, meza moja ya miligramu 400 baada ya chakula mara tatu kwa siku kwa siku chache, na jeli umpe jirani mwenye goti.

#5 Bi Karafuu, Chake Chake

Asalaam alaykum. Huku kwetu Pemba mtu akishikwa na kiuno hapelekwi kukaa kwenye benchi saa tatu. Hukandwa kwa maji ya moto, kisha huchuliwa kwa mafuta ya karafuu na mtu mwenye mkono, jioni na alfajiri, na siku ya tatu unamwona shambani. Nyinyi mnazungumza habari ya dawa kufika na kutofika, mimi nauliza ni nani aliyewachua hao Wamarekani. Kupaka na kuchua ni vitu viwili.

#6 Kibaraza

Bi Karafuu amegusa penyewe. Mimi naishi peke yangu, na mwaka juzi nilipopewa jeli ya kiuno niliipaka kwa mgongo wa mwiko wa ugali. Nilifika kushoto, kulia sikufika. Daktari aliponiuliza kama dawa imesaidia nikamjibu: upande mmoja.

#7 Mpenda Takwimu

#6 umenichekesha, lakini hiyo ni hoja halisi. Mgonjwa mwenye kiuno kilichoshika ndiye mtu asiyeweza kabisa kujipinda na kufikia kiuno chake, ilhali kidonge kinahitaji mkono na glasi ya maji tu.

Hata hivyo nina shaka na uhakika wa #4. Kama tatizo lote ni kina, tungetarajia kundi lililopata vyote viwili lipone sawasawa na lile la ibuprofeni peke yake, kwa sababu kidonge walikimeza vilevile. Lilipata 8.7 dhidi ya 10.1. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba inaweza kuwa ni bahati tu, na kwa makundi ya watu 60 na kitu bahati ina nafasi kubwa. Ndiyo maana naogopa kujenga maelezo makubwa juu ya tofauti ndogo kama hizi, pamoja na ile kati ya jeli na kidonge ambayo haifiki alama nne, wakati wataalamu wengi huhesabu kwamba mgonjwa anaona nafuu ya maana pale zinapopungua alama tano au karibu na hapo.

#8 Daktari Mstaafu

Vijana, hamjambo. Naongeza jambo moja kuhusu sifa ya jeli hizi, maana hazikuanza kutumika bure. Mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya majaribio ya dawa za kupaka kwa maumivu mapya ya misuli na viungo yalizipa alama nzuri sana, na jeli ya diklofenaki ya aina ya Emulgel ilikuwa miongoni mwa zilizoongoza: kwa kila wagonjwa wawili hivi waliopakwa, mmoja alipata nafuu kubwa ambayo asingeipata kwa jeli tupu. Lakini wagonjwa wenyewe walikuwa nani? Wengi wao walikuwa watu walioteguka vifundo na kuvutika misuli michezoni. Matokeo ya kifundo cha mguu yakahamishiwa kiunoni bila kupigiwa hodi. Nami nimewaandikia wagonjwa wa kiuno jeli hiyo kwa miaka mingi, kwa hiyo sijitoi katika lawama.

#9 Fundi wa Kimara (mleta mada)

Ahsanteni wote. #4, nimekusoma na tayari nimemtuma kijana dukani akalete ibuprofeni.

#10 Muuguzi wa Zamu

Fundi, kabla hujameza: uliulizwa chochote kuhusu tumbo, figo au presha?

#11 Fundi wa Kimara (mleta mada)

Niliulizwa. Nilimwambia daktari kwamba mwaka juzi nililazwa kwa vidonda vya tumbo, nikatapika damu. Sikudhani kwamba vinahusiana na kiuno.

#12 Kibaraza

Mkuu! Jambo hilo ndilo lilipaswa kuwa sentensi ya kwanza ya uzi huu.

#13 Mfamasia wa Kona

Nafuta ushauri wangu wa #4 mbele ya kadamnasi. Mtu aliyewahi kutapika damu kwa vidonda vya tumbo hapewi ibuprofeni kirahisi hivyo, wala diklofenaki ya kumeza, wala ya sindano. Kijana akirudi na dawa, zirudishe dukani. Sasa ninamwelewa daktari wako: alikuwa na mgonjwa ambaye dawa iliyoshinda kule Bronx ingeweza kumrudisha wodini, akachagua ile inayoingia kwenye damu kwa kiasi kidogo. Nimejifunza kwamba mtu wa dukani naye anatakiwa kuuliza kabla ya kujibu, hata kama anajibu mtandaoni.

#14 Mpenda Takwimu

Na hili linabadilisha namna ya kuusoma utafiti. Swali la "ipi ina nguvu zaidi" lina jibu moja kwa kijana wa miaka 30 mwenye tumbo zima, na jibu tofauti kwa fundi wetu. Bado lakini halituambii kama jeli itamsaidia. Kuwa salama na kuwa na manufaa si jambo moja, maana hata maji ya bomba ni salama kupaka.

#15 Dereva wa Masafa

Habari zenu. Mimi naendesha lori kati ya Mombasa na Malaba mwaka wa 14 sasa, na kiuno ni sehemu ya mshahara. Jeli ya diklofenaki pekee hainifanyii lolote. Ile inayochoma, yenye harufu ya kufungua pua mpaka utingo anateremsha kioo, hiyo inanisaidia ndani ya dakika kumi. Dawa ya moto ni moto. Sasa wataalamu mnieleze, kama dawa haifiki kwenye msuli, mbona naisikia?

#16 Mfamasia wa Kona

Swali zuri, na linafichua jambo tulilolipita. Ukisoma nyuma ya tyubu nyingi zinazouzwa madukani kwetu, hasa zitokazo India, utaona kwamba diklofenaki haimo peke yake: imeandikwa diklofenaki ya diethilamini asilimia 1.16, ambayo kwa nguvu ni sawa na ile ya asilimia 1, kisha salisilati ya methili asilimia 10, mentoli asilimia 5, na mafuta ya kitani. Jeli ya kule Bronx ilikuwa diklofenaki pekee. Kwa hiyo tunachojadili hapa na kilichojaribiwa kule vinaweza kuwa na jina moja na visiwe kitu kimoja.

Mentoli haihitaji kufika kwenye msuli. Inagusa vipokezi vya baridi vilivyomo kwenye ngozi, na kapsaisini ya pilipili inagusa vile vya joto, na ubongo unapokea habari hizo kabla ya habari za kiuno. Ugunduzi wa vipokezi hivyo ndio uliompa David Julius tuzo ya Nobel mwaka 2020.

#17 Mwanafunzi wa Mwaka wa Tatu

Samahani #16, ilikuwa mwaka 2021, pamoja na Ardem Patapoutian. Na wazo la hisia moja kuifungia mlango hisia nyingine ni la zamani zaidi, la Melzack na Wall, mwaka 1965. Kwa wazo hilo Bi Karafuu wa #5 ana hoja: mkono unaochua nao unatuma habari zake kwenye uti wa mgongo, hata kama mafuta yenyewe hayana kitu.

#18 Bi Karafuu, Chake Chake

Mafuta yangu yana kitu. Mengine nimekubali.

#19 Mfamasia wa Kona

Ahsante kwa sahihisho la mwaka. Dereva, nakuomba tahadhari mbili. Usipake dawa ya kuchoma kisha ukaweka chupa ya maji ya moto au ukafunga kitambaa kwa nguvu juu yake. Mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya watu kuungua ngozi, wengine vibaya, kwa dawa za kupaka zenye mentoli na salisilati ya methili. Na kama unatumia wafarini ya kuzuia damu kuganda, salisilati hiyo hupenya na inaweza kuifanya damu iwe nyepesi kupita kiasi.

#20 Dereva wa Masafa

Hilo la kuungua nalifahamu kwa ngozi yangu. Nilipaka Mlolongo, nikakaa na jasho kwenye kiti cha plastiki mpaka Naivasha, nikashuka na ramani nyekundu ya ukubwa wa sahani, na malengelenge matatu juu yake. Kiuno sikukisikia siku hiyo, hilo nalo niseme ukweli.

#21 Mswahili wa New York

Wapendwa, naishi jiji hilo hilo mnalolitaja. Jeli ya diklofenaki ya asilimia 1 iliidhinishwa huku mwaka 2007 kwa cheti cha daktari, na tangu mwaka 2020 unaichukua mwenyewe rafuni. Lakini ukisoma karatasi yake, imeandikwa kwa ajili ya maumivu ya viungo yatokanayo na baridi yabisi ya uzee, kama magoti na vidole, na maelezo yake ya kitaalamu yanasema wazi kwamba haikuchunguzwa kwa viungo vya uti wa mgongo, nyonga wala bega. Watu hawasomi. Namwona mzee wangu anapaka kiunoni kila asubuhi, na picha ya goti iko mbele ya macho yake.

Ndani ya boksi huwa kuna kadi ya plastiki yenye mistari ya kupimia. Kwa goti moja kipimo ni gramu 4, mara nne kwa siku.

#22 Mpenda Takwimu

Hebu tusimame hapo kwenye kadi. Gramu 4 mara nne ni gramu 16 kwa siku. Tyubu ya fundi ni ya gramu 20. Kwa kipimo cha goti, na kiuno ni kipana kuliko goti, tyubu ile ingeisha siku ya pili asubuhi. Ni nani humu aliyewahi kumaliza tyubu kwa siku moja na robo?

#23 Kibaraza

Yangu ina mwaka na nusu. Tena tunaitumia wawili, mimi na mwenye nyumba.

#24 Daktari Mstaafu

Hesabu ya #22 imeniumiza kuliko kiuno. Tunaandika "paka mara tatu" bila kusema kiasi gani, mgonjwa anabonyeza punje ya ukubwa wa harage, kisha akirudi tunasema dawa imeshindwa. Hata hivyo hoja hii haiwezi kuwafuta wagonjwa wa Bronx, kwa sababu wao walipewa dawa katika utafiti na kuelekezwa namna ya kutumia. Inaweza kueleza kinachotokea kwetu, isieleze kilichotokea kwao.

Kwa upande wao mimi naegemea kwenye muda. Dawa ya kupaka hujikusanya polepole kwenye tishu, ilhali kidonge hufanya kazi ndani ya saa moja au mbili. Ukipima baada ya siku mbili unampa mkimbiaji wa mbio fupi ushindi.

#25 Muuguzi wa Zamu

Daktari, shikamoo. Kwa heshima naomba kutofautiana nawe. Mgonjwa wa dharura anahitaji nafuu ya leo usiku. Kama jeli inahitaji wiki moja ili ifanye kazi, na viuno vingi hupata nafuu ndani ya wiki chache kwa vyovyote vile, basi tutakuwa tunamsifia jogoo kwa kuleta alfajiri.

#26 Sindano Kwanza

Nimesoma yote na sijaona mtu anayetaja jambo la msingi. Mgonjwa wa dharura achomwe sindano ya diklofenaki ya miligramu 75, aende zake. Hayo mengine ni maneno.

#27 Muuguzi wa Zamu

Tunachoma sana, na ndiyo maana nakujibu. Diklofenaki ya sindano ni diklofenaki ileile ya kidonge, inafika kwenye tumbo na figo zilezile kupitia damu, na kwa mleta mada mwenye historia ya #11 ingekuwa hatari vilevile. Juu ya hayo, sindano ya takoni ikichomwa vibaya inaweza kugusa mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu. Niliwahi kumpokea kijana aliyeingia dukani na kiuno, akatoka anaburuta mguu.

#28 Mwanafunzi wa Mwaka wa Tatu

Basi apewe nini? Paracetamol ilijaribiwa Australia kwa watu 1,652, matokeo yakatoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2014: waliomeza kwa ratiba walipona kwa wastani wa siku 17, na waliomeza kidonge kitupu siku 16. Dawa za jamii ya afyuni zilijaribiwa hukohuko kwa watu 347, mwaka 2023, nazo hazikushinda kidonge kitupu. Friedman wa #3 alijaribu kuongeza dawa ya kulegeza misuli juu ya naproksen, ndugu yake ibuprofeni, mwaka 2015, na diazepamu mwaka 2017, asipate faida. Inaonekana kila dawa inayoletwa kiunoni inakuta kazi imeshaanza kufanywa na siku zenyewe.

#29 Tabibu wa Wilaya

Nawaomba mniruhusu niwarudishe kwenye #2, kwa sababu mjadala wa jeli unaweza kutusahaulisha ni nani anayeipaka. Ninafanya kazi eneo la wafugaji. Mwaka jana aliletwa mama wa makamo ambaye alikuwa akipaka dawa za kuchua kwa miezi minne, kila mnada ananunua tyubu mpya. Nilipomwomba aniinulie kanga mgongoni niliona ngozi yote ya kiuno imegeuka rangi kwa kuchuliwa, na katikati yake kinundu kidogo, mfupa uliojitokeza kama kifundo cha kidole. Alikuwa na jasho la usiku na nguo zinampwaya. Ilikuwa ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Huku kwetu pia tunakutana na ugonjwa wa brusela, wa maziwa mabichi, nayo huanza hivyohivyo: kiuno na homa za kuja na kuondoka.

Kwa mama yule jeli haikumdhuru ngozi tu. Ilimpa miezi minne ya kuamini kwamba anatibiwa.

#30 Mswahili wa New York

Allah amjaalie afya. Na walioingia utafiti wa #3 walichujwa kwanza. Waliopimwa kama wanafaa walizidi 3,000, wakabaki 198. Watu wa aina ya mama huyu wasingeingia.

#31 Mtazama Ndege

Nje ya mada kidogo: diklofenaki hii hii, ikipewa ng'ombe, ndiyo iliyowamaliza tumbusi wa India waliokula mizoga yao, mpaka ikapigwa marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Figo za ndege hazikuiweza.

#32 Kibaraza

Kwa hiyo fundi, ukishapaka, usilale nje.

#33 Daktari Mstaafu

Turudi kiunoni. Nimeyahesabu maelezo yaliyotolewa humu: dawa haifiki, kipimo ni kidogo, muda ni mfupi, mkono haufiki, mentoli haikuwemo, na kiuno kinajiponea chenyewe. Ningeweza kuyatetea manne kati ya hayo kwa siku moja na kuyapinga siku ya pili. Jaribio ambalo ningependa kuliona ni lile lenye kundi la jeli tupu lililochuliwa vizuri na mtu mwingine, likilinganishwa na jeli yenye dawa iliyochuliwa vilevile. Bi Karafuu awe mwalimu wa kuchua.

#34 Bi Karafuu, Chake Chake

Nitakuja, lakini jeli tupu siipaki. Mkono wangu una jina.

#35 Fundi wa Kimara (mleta mada)

Wakuu, leo ni siku ya tisa na nimerudi kupiga plasta, ila mifuko ya saruji wanabeba vijana. Ibuprofeni zilirudishwa dukani, nikalipwa nusu ya bei. Baada ya #22 nilipaka jeli kwa kipimo cha kadi, gramu nne nikizikadiria kwa kijiko cha chai, ikaisha siku ya pili kama ilivyotabiriwa. Tyubu ya pili nikanunua kwa fedha yangu. Mke wangu ndiye aliyepaka, asubuhi, mchana na usiku. Mama mkwe akaja na kichupa cha mafuta ya karafuu. Nilikuwa nakandwa kwa maji ya moto jioni, mbali na muda wa jeli kama alivyoonya #19, na natembea mpaka msikitini na kurudi.

Siku ya nne nilivaa soksi bila kushikwa. Mama mkwe anasema ni karafuu, mke anasema ni mkono wake, na mimi nilikuwa na nia ya kurudi kumshukuru yule daktari.

#36 Mpenda Takwimu

Mgonjwa mmoja, dawa mbili, mchuaji mmoja, maji ya moto na msikiti. Fundi, kwa heshima zote, umetuharibia jaribio.

#37 Mgeni Jukwaani

Habari wakuu. Nimesoma uzi wote tangu mwanzo. Na kwa shingo je?